Kompyuta Haina Kiburi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya mambo mazito mazito: nidhamu, mitihani, mazingira, na madhara ya dawa za kulevya. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo kama punje ya haradali. Nataka kuzungumzia udhia tunaoupata kila siku kutoka kwa programu za kompyuta, au tarakilishi, au ngamizi, kila mtu na achague jina alipendalo.

Ingia katika chumba cha kompyuta jioni yoyote watu wanapochapa orodha, utasikia malalamiko ya kila aina. "Aa! Nimeandika sifuri, mashine imeila!" Mwingine atasema, "Hii kitu ina kiburi, bwana. Nimeipa alama za mtihani, yenyewe inanirudishia tarehe!" Wa tatu amekwisha kukata tamaa, anahesabu majina kwa kidole kwenye kioo kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Baada ya kulalamika, wote watatu huendelea kufanya kazi ile ile kwa mkono, mstari baada ya mstari, hadi kengele ya chakula ilie.

Maoni yangu ni haya. Kompyuta haina kiburi wala ukaidi. Inafuata kanuni fulani iliyowekwa na watu, na pale kanuni hiyo isipolingana na kazi yetu, ndipo udhia unapozaliwa. Mara nyingi dawa yake haihitaji mashine mpya wala fundi kutoka mjini. Inahitaji fomula moja fupi, au badiliko dogo katika mipangilio, na dakika kumi za kuuliza kwa nini. Tena nasema kwamba kuuvumilia udhia huu ni kosa, kwa sababu anayeumia mwishowe ni yule ambaye jina lake limo katika orodha, wala si yule aliyeichapa.

Kabla sijaendelea, hebu tukumbuke kwamba programu za majedwali zenyewe, kama vile Excel na Calc, asili yake ni udhia. Mwaka wa 1978 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Dan Bricklin, alikuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alimwona mwalimu akiandika jedwali kubwa la hesabu ubaoni. Tarakimu moja ilipopatikana na kosa, ilibidi mwalimu afute na kuandika upya tarakimu zote zilizoitegemea ile moja. Bricklin akawaza: je, ubao ungekuwa na akili ya kujirekebisha wenyewe? Akishirikiana na mwenzake Bob Frankston, walitoa programu ya VisiCalc mwaka wa 1979. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka wa 1983, kisha Excel mwaka wa 1985. Mnaona basi? Mwanafunzi aliyekataa kuzoea udhia ndiye aliyetuletea chombo hiki. Sisi nasi tunakitumia chombo hicho hicho kama ubao wa kawaida, tukifuta na kuandika upya kwa mkono!

Labda neno fomula linawatisha wengine kwa sababu linawakumbusha darasa la hisabati. Lisiwatishe. Fomula ni sentensi tu. Huanza kwa alama ya sawasawa, kisha husema jambo. Tazama hii:

=IF(C2>=50,"Amefaulu","Arudie")

Isome kwa Kiswahili: kama alama iliyo katika seli ya C2 ni 50 au zaidi, andika Amefaulu, la sivyo, andika Arudie. Hiyo ni sentensi ya masharti kama zile tunazozichambua kila siku katika somo la sarufi. Ina sharti lake, ina matokeo yake, na ina alama zake za uakifishaji ambazo ukizikosea maana inaharibika. Mtu anayeweza kuandika insha nzuri anaweza kuandika fomula nzuri.

Sasa natuutazame udhia mmoja mmoja.

Kwanza kabisa ni sifuri inayoliwa. Andika nambari ya usajili 0457, bonyeza, na papo hapo inageuka 457. Kwa nini? Programu imedhani kwamba umeandika kiasi, na katika kiasi sifuri ya mbele haina thamani. Hakuna mtu anayesema ana shilingi 0457 mfukoni. Lakini nambari ya usajili si kiasi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Ni nani atakayejumlisha nambari yako na yangu? Basi iambie programu kwamba hayo ni maandishi. Kabla ya kuchapa, chagua safu nzima uipe muundo wa maandishi, au anza kila nambari kwa alama ya ritifaa, hivi: '0457. Ritifaa hiyo haitachapishwa kwenye karatasi. Na kama sifuri zimekwisha kuliwa katika orodha ya watu mia tatu, usianze kuzirudisha moja moja kama mtu anayeokota mchanga. Andika katika safu ya kando:

=TEXT(A2,"0000")

Kila nambari itarudi na tarakimu zake nne. Buruta fomula hiyo hadi chini, kazi imekwisha.

Katika nambari za simu za wazazi jambo hili ni zito zaidi. Nambari zetu za simu za mkononi huanza kwa 07 au 01 na huwa na tarakimu kumi. Ukitazama orodha ya kawaida utakuta moja imekosa sifuri, nyingine imeanza kwa +254, na ya tatu ina nafasi katikati kwa sababu aliyeichapa alitaka isomeke vizuri. Ujumbe wa shule ukitumwa kwa wote kwa pamoja, baadhi ya nambari hizo hukataliwa. Sasa fikiria kwamba ujumbe huo ulikuwa wa kumwarifu mama kuwa mwanawe amelazwa zahanati. Sentensi hii moja inazilainisha zote:

="254"&RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)

Maana yake: ondoa nafasi zote, chukua tarakimu tisa za mwisho, uzitangulize 254. Iwe ilianza kwa sifuri, iwe ilipoteza sifuri, iwe ilikuja na alama ya kujumlisha, zote zinatoka zikiwa na sura moja. Hapo ndipo utakapoona kwamba fomula fupi inaweza kufanya kazi ya adhuhuri nzima.

Pili, na hapa sisi wa Kiswahili tunahusika hasa, ni udhia wa ritifaa. Tunajua sote kwamba ng na ng' ni sauti mbili tofauti. Ngoma si ng'ombe. Majina yetu mengi nayo yana alama hiyo: Ng'ang'a, Nyong'o, Ng'eno, Wang'ombe. Lakini aliyetengeneza fomula iitwayo PROPER, ambayo kazi yake ni kuanza kila neno kwa herufi kubwa, hakuwa na majina haya akilini. Kanuni yake inasema: herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi, iandikwe kwa herufi kubwa. Mpe NG'ANG'A, atakurudishia Ng'Ang'A. Mpe NYONG'O, atakupa Nyong'O. Nadhani mmewahi kuona cheti au kadi yenye jina la namna hiyo. Mwenye jina hutabasamu kwa adabu, lakini moyoni anajua kwamba hakuna aliyejali.

Je, tufanyeje? Tuifiche ritifaa kwa muda. Tuigeuze kuwa herufi ambazo hazipatikani kwa pamoja katika majina yetu, tuipe PROPER kazi yake, kisha tuirudishe:

=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(A2,"'","zzz")),"zzz","'")

Soma kuanzia ndani kwenda nje, kama unavyomenya kitunguu kinyumenyume. NG'ANG'A inakuwa NGzzzANGzzzA. PROPER inaiona kuwa neno moja na kuandika Ngzzzangzzza. Mwishowe zzz zinaondoka na ritifaa inarudi. Tokeo ni Ng'ang'a, kama mama yake alivyomwita. Hila hii haina elimu kubwa ndani yake. Mtu yeyote aliyecheza kibe utotoni anajua kujificha na kujitokeza.

Bado hatujamaliza na ritifaa. Zipo mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Programu ya kuandikia barua huipindua yenyewe ili ipendeze, ilhali ile ya majedwali huiacha imenyooka. Kwa hivyo jina la Nyong'o likinakiliwa kutoka katika barua hadi katika jedwali, kwa macho yetu ni lile lile, kwa kompyuta ni majina mawili ya watu wawili. Ukiitafuta alama yake ya mtihani utaambiwa haipo. Mtoto anaitwa ofisini kuulizwa kwa nini hakufanya mtihani, naye aliufanya! Fomula ya kuzinyoosha zote ni hii:

=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")

Ile 8217 ni nambari ya ritifaa iliyopinda katika hesabu ya herufi za kompyuta. Karibu herufi zote duniani zina nambari zao, nasi hatuna budi kuijua hii moja kwa ajili ya majina yetu.

Tatu ni nafasi zisizoonekana. Mtu akiandika Achieng kisha akagusa kitufe cha nafasi bila kukusudia, mwanadamu haoni tofauti, lakini kwa kompyuta nafasi ni herufi kama herufi nyingine. Dawa yake ni fupi kuliko zote:

=TRIM(A2)

Fomula hii huondoa nafasi za mbele na za nyuma, na huacha moja tu kati ya neno na neno. Kama majina yalinakiliwa kutoka kwenye intaneti na bado yanakataa kulingana, basi yana nafasi ya aina nyingine, yenye nambari 160. Hiyo nayo ibadilishe kwanza kuwa nafasi ya kawaida, halafu upunguze:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))

Nne ni alama zinazogeuka tarehe. Mwalimu ametoa jaribio la alama kumi, wewe ukaandika 7/10, na kompyuta ikaandika tarehe 7 Oktoba. Wengi hucheka, wakafuta, wakaandika tena, ikawa Oktoba tena, kisha hasira ikapanda. Jambo hili limewasumbua hata wataalamu wa sayansi. Jeni fulani za binadamu zilikuwa na majina mafupi kama SEPT1 na MARCH1, na Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Makosa hayo yalienea katika makala za kisayansi kiasi kwamba mwaka wa 2020 kamati inayoidhinisha majina ya jeni ilibadilisha majina yenyewe. MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mwaka wa 2023 Excel nayo ikaongezewa mpangilio wa kuzima mageuzi hayo. Ikiwa wanasayansi wamelazimika kubadilisha majina ya jeni, wewe usione haya kubadilisha jinsi unavyoandika alama. Andika 10 mara moja tu kwenye kichwa cha safu, na chini yake uandike 7 peke yake. Tena hiyo 7 itakubali kujumlishwa, jambo ambalo 7/10 iliyoandikwa kama maandishi haikubali.

Tarehe zenyewe zina fitina yake. Tukiandika 3/4/2025 sisi tunamaanisha tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma 4 Machi. Ukiandika 25/12/2025 haioni mwezi wa 25, kwa hivyo inaacha kama maandishi tu. Matokeo yake ni safu moja yenye tarehe sahihi, tarehe za uongo na maandishi matupu, zote zimekaa pamoja kama ndugu. Hapa fomula haihitajiki. Kabla ya kuanza kuchapa, nenda kwenye mipangilio ya eneo, chagua Kenya, basi.

Tano ni nafasi za darasani, na hapa naomba msome polepole. Tuseme darasa lina wanafunzi 45, jumla zao zimo katika safu ya F kuanzia mstari wa 2 hadi wa 46. Mtu anaandika =RANK(F2,F2:F46), anapata jibu sahihi kwa mwanafunzi wa kwanza, anafurahi, anaburuta hadi chini. Lakini kila anaposhuka mstari mmoja, orodha anayolinganisha nayo inashuka pamoja naye. Mwanafunzi wa pili analinganishwa kuanzia mstari wa 3, wa kumi kuanzia mstari wa 11, na yule wa mwisho analinganishwa na nafsi yake peke yake. Basi yeye, hata akiwa amepata alama chache kuliko wote, anatangazwa nambari 1! Dawa ni alama mbili za dola:

=RANK(F2,F$2:F$46)

Alama ya dola ni msumari. Imepigilia mstari wa 2 na wa 46, haziendi popote hata uburute vipi. Alama mbili hizo ndizo zinazotenganisha haki na kichekesho.

Sita ni wastani. Hapa nataka kuonyesha kwamba si kila jambo ni la kiufundi. Mwanafunzi amefanya masomo sita kati ya saba, akapata 60 katika kila moja. La saba hakulifanya kwa sababu alikuwa mgonjwa. Ukiiacha seli hiyo tupu, fomula ya AVERAGE inagawanya kwa sita na kumpa 60. Ukiandika 0, inagawanya kwa saba na kumpa 51.4. Kompyuta haijui ugonjwa ni nini. Inatekeleza tu. Uamuzi ni wa mwalimu, na ni lazima ufanywe kwa kujua, si kwa bahati ya kidole cha mchapaji.

Nikitoka katika majedwali, programu ya kuandikia nayo ina vituko vyake. Ukichapa makala ya Kiswahili, ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu kana kwamba umepewa sifuri katika insha. Sababu ni kwamba programu inadhani unaandika Kiingereza. Chagua maandishi yote, ubadilishe lugha ya usahihishaji iwe Kiswahili, au kama kompyuta yako haina kamusi ya Kiswahili, iambie isisahihishe tahajia katika maandishi hayo. Pia ukiandika "mf. kiti" au "taz. ukurasa wa 5", inadhani ile nukta imefunga sentensi, hivyo inakuandikia Kiti na Ukurasa kwa herufi kubwa. Katika chaguzi za masahihisho ya papo hapo ipo orodha ya vighairi. Ongeza humo mf. na taz., nawe utapumzika mwaka mzima. Orodha hiyo ya masahihisho unaweza hata kuigeuza mtumishi wako: iambie kwamba kila ukichapa cck iandike Chama cha Kiswahili. Wahariri wa jarida hili watanishukuru.

Sasa nasikia wapinzani wangu wakikohoa. Wa kwanza atauliza, "Jarida la Kiswahili na fomula vina uhusiano gani? Si hayo ni mambo ya Kiingereza?" Namjibu kwamba maneno ya fomula ni ya Kiingereza, lakini fikira yake haina kabila. Mwaka wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hivyo njia ilikwisha kufyekwa zamani. Isitoshe, nani mwingine atakayelitetea jina la Ng'ang'a kama si sisi tunaojua tofauti ya ng na ng'?

Wa pili atasema, "Wacha mambo mengi! Siku hizi kuna akili bandia. Iulize, itakupa fomula." Vyema, iulize. Kuuliza si ujinga. Lakini fomula uliyopewa ni sentensi, na asiyeweza kusoma sentensi ni kama mtu anayetia sahihi hati ya deni asiyoielewa. Kama huoni kwamba misumari miwili ya dola imekosekana, utamtangaza wa mwisho kuwa wa kwanza, na utakapoulizwa, akili bandia haitaitwa ofisini. Utaitwa wewe.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Yeye husema kwamba fomula ni hatari, kwani kosa moja huenea katika mistari yote. Ni kweli kabisa. Mwaka wa 2010 wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika makala juu ya madeni ya serikali, nayo ikanukuliwa sana na wanasiasa waliotaka kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka wa 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alilipata jedwali lao akakuta kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Pamoja na marekebisho mengine, ukuaji wa uchumi wa nchi zenye madeni makubwa, ulioandikwa kuwa umepungua kwa asilimia 0.1, ulitokea kuwa ongezeko la asilimia 2.2. Na mwaka wa 2020, wakati wa korona, Uingereza ilichelewa kutangaza wagonjwa 15,841 kwa sababu orodha zao ziliingizwa katika faili za Excel za mtindo wa zamani, zisizozidi mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje kimya kimya, na watu waliokaribiana na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati.

Lakini hebu angalieni vizuri mifano hiyo inatufundisha nini. Lile kosa la mstari wa 44 lilinaswa na mwanafunzi aliyejua kusoma fomula. Ujinga haukuinasa, wala woga. Kwa hivyo jibu la hatari ya fomula ni watu wengi zaidi wanaozisoma, si watu wachache wanaozificha.

Basi napendekeza mambo manne. La kwanza: udhia ukikurudia mara tatu, acha kulalamika, uliza kanuni gani inauleta. La pili: jaribu fomula yako kwenye nakala, usiijaribu kwenye orodha yenyewe, na uikague kwa mistari mitatu ambayo jibu lake unalijua: wa kwanza, wa katikati, na wa mwisho. La tatu: kando ya kila fomula andika kwa Kiswahili inafanya nini, ili atakayeshika kazi baada yako asibaki akiiabudu kama hirizi. La nne: chama chetu kiwe na daftari moja ambamo kila mwanachama ataandika udhia alioutatua pamoja na dawa yake. Haba na haba hujaza kibaba; mwaka ukiisha tutakuwa na kitabu.

Walimu wetu nao nawaomba kwa heshima wasione vibaya mwanafunzi akiuliza orodha ilitengenezwa vipi. Haulizi kwa utovu wa adabu. Anauliza kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika orodha ya majina ufa huwa ni mdogo sana: nafasi moja, sifuri moja, ritifaa moja. Nyuma ya kila ufa wa namna hiyo kuna mtu mzima mwenye jina, mwenye mzazi, na mwenye alama alizozitolea jasho. Tumwandike sawasawa.